Vikombe Kumi na Viwili kwenye Trei ya Mayai

Nzilani hakuja Nairobi na basi. Alilisema hilo mara nyingi, hata majirani wa Shauri Moyo wakawa wanammalizia maneno kabla hajafika mwisho. Alikuja mwaka wa themanini na moja, ameketi mbele kwenye lori, kiti cha kushoto, godoro na sufuria mbili zikirukaruka nyuma, na mumewe Nzivo amekamata usukani kwa mkono mmoja kama mtu aliyeshika kikombe cha chai. Lori lilikuwa la tajiri wake. Miaka ilipita, tajiri akafunga biashara akarudi kwao, akamwachia Nzivo lile lori liwe ndiyo shukrani ya kazi yote aliyomfanyia. Kuanzia siku hiyo Nzilani akawa mwanamke mwenye lori, na alitembea hivyo.

Shuleni alikuwa ameishia darasa la pili. Jina lake aliliandika polepole, herufi kubwa kubwa, na akimaliza aliinua kichwa kuwatazama watu kama aliyeshinda mbio. Lakini lori alilijua. Alijua linavyolia likikosa mafuta, na linavyovuta pumzi likiwa na mzigo. Nzivo akikunja tu kona ya kuja nyumbani, Nzilani alikuwa amekwisha kuweka maji ya ugali motoni.

Nzivo alifariki miaka saba iliyopita. Lori nalo halikukaa sana. Lilitoa moshi mweupe, kisha mweusi, kisha injini ikajifunga kabisa, likavutwa hadi kwenye gereji ya Mulama, ile ya uwanja wazi chini ya nyumba za Shauri Moyo, mahali ambapo ardhi imekunywa oili mpaka haioti nyasi. Mwezi haukuisha, Nzilani akahamisha jiko lake akaliweka hapo hapo, mita chache kutoka kwa lori, akawa anauza chai na mayai ya kuchemsha yenye kachumbari. Watu walidhani amefuata wateja. Wateja ndio waliomkuta pale amefuata lori.

Sababu ilikuwa moja, na kila mtu aliijua. Kwenye matanga ya mama mkwe wake huko Mwingi, Nzilani alisimama mbele ya wanawake wa kanisa akasema, "Siku nitakayorudi nyumbani kabisa, mtasikia lori kabla hamjaniona mimi." Alikuwa amekasirika siku hiyo. Kavindu, mke wa shemeji yake, alikuwa ameuliza kwa sauti ya kusikika kama watu wa Nairobi huwa wanarudi nyumbani wakiwa hai au kwenye sanduku tu. Basi neno likatoka, na neno la Nzilani likitoka halirudi. Tangu hapo kila Krismasi Kavindu alipiga simu, na baada ya salamu swali lilikuwa lile lile.

"Na lori limefika wapi, Mama Mumo? Huku tumetega masikio mpaka yanauma."

"Endelea kutega," Nzilani alimjibu. "Usije ukasema hukuambiwa."

Mwaka huu ndio mwanawe Mumo alipokubali. Mumo ni karani, anaishi Buruburu na mke na watoto, mtu wa shati lililopigwa pasi. Alikuja Jumapili moja baada ya kanisa, akalizunguka lori mara mbili mikono mfukoni.

"Mwaitu," akamwambia mama yake, kwa maana hivyo ndivyo Mkamba anavyomwita mama, "nitalipa injini itengenezwe. Mara moja tu. Ikikataa, lori ni vyuma chakavu, na mimi na wewe hatutaongea habari ya lori tena."

"Haitakataa."

"Nimesema ikikataa."

"Na mimi nimesema haitakataa. Kunywa chai, inapoa."

Wakapeana mkono kama watu wa sokoni. Nzilani alitoa mkono bila wasiwasi wowote, kwa sababu alimwamini Mulama.

Mulama alikuwa mtu wa Mumias, mpana wa mabega, mchache wa maneno. Sifa yake ilikuwa mpangilio. Akifungua injini, kila kitu kilikaa kwa zamu yake kama wanafunzi kwenye foleni. Zile fimbo nyembamba za kusukuma vali alizichomeka kwenye katoni aliyoitoboa matundu, ya kwanza upande wa feni, ya mwisho upande wa gia. Alipofika chini kabisa, kwenye vile vyuma vidogo vinavyokalia nundu za kamshafti, ule mhimili unaoinua zile fimbo, na ambavyo mafundi wanaviita vikombe, alimgeukia Nzilani.

"Mama Mumo, niazime trei moja ya mayai."

Trei ya mayai ina mashimo sita kwa safu, na injini ile ilikuwa na vikombe kumi na viwili. Safu mbili kamili. Mulama alivipanga kimoja kimoja, akavifunika na gazeti, akaisukuma trei chini ya benchi. Kamshafti yenyewe aliitazama, akapitisha kidole kwenye nundu zake zote kumi na mbili, akasema bado ni nzima, itarudi. Vikombe navyo ni vizima, vitarudi. Jioni hiyo akapigiwa simu kwamba mjomba wake ameaga, akapanda gari akaenda Mumias kuzika. Alikaa siku nne.

Siku ya pili Nzilani aliondoa lile gazeti kutafuta karatasi ya kuwashia jiko. Akaona trei yake, nyeusi tititi, imelowa oili, na vikombe vimejaa masizi kama vimetolewa chimni. Moyo ukamuuma. Enzi za Nzivo hakuna chuma kilichorudi kwenye lori lile kikiwa kichafu. Nzivo akifungua kitu Jumapili, yeye alikuwa anaketi chini na karai la mafuta taa, anasugua hata nati, na Nzivo alikuwa anasema hakuna dereva barabara nzima ya Thika mwenye lori lenye tumbo safi kama lake. Ndio ulikuwa mkono wake kwenye lile lori. Kuendesha hakujua.

Basi akafanya kama alivyozoea. Akavimwaga vikombe vyote kwenye karai, akavisugua na brashi na waya wa kuoshea sufuria, akavipangusa na leso mpaka vikang'aa. Trei ile iliyolowa akaitia jikoni, ikawaka vizuri sana. Akachukua trei mpya, akavipanga tena. Kumi na viwili, safu mbili, sita kwa sita, kama alivyovikuta. Alihesabu mara mbili. Mtu wa mayai huhesabu trei. Kwamba yai hili lilikuwa shimo gani, hilo nani amewahi kuuliza?

Mulama aliporudi Nzilani alikuwa Kariokor kununua mayai. Fundi alikuta vikombe vinameremeta kama vya dukani.

"Nani ameosha hivi?" akauliza.

Mwenzake wa kazi, Shiundu, mtu wa makamo ambaye mdomo wake haukujua likizo, alikuwa amelala kwenye kivuli cha lori. Hakujua ni nani aliyeosha. Alifungua jicho moja. "Si mimi, boss. Kwani unafikiri ulipoenda tulikuwa tunalala?"

"Umerudisha kila kimoja kwa shimo lake?"

"Wewe! Nimeanza kazi hii leo?"

Mulama akaridhika. Nzilani aliporudi, Shiundu alikuwa bado anasifiwa, na yeye akasonya tu. Akaona akigombania sifa ya kuosha vyombo atajishusha. Akamwacha Shiundu avae nguo isiyo yake.

Injini iliwaka Jumatatu, saa tano asubuhi. Nzilani alipanda kwenye kiti chake cha kushoto, akajifunga leso kichwani vizuri, akakaa. Mulama akazungusha. Lori likakohoa mara mbili, likashika. Gereji nzima ikapiga kelele. Nzilani hakupiga kelele, alitazama mbele tu kupitia kioo kama tayari anaona barabara ya Mwingi. Kisha akampigia Kavindu simu, akaielekeza chini kwenye injini bila kusema neno, akaikata.

Baada ya chakula cha mchana injini ilipopata joto, akasikia kitu. Kidogo sana. Ta, ta, ta, ta, ndani ya ule mngurumo, kama mtu anayegonga sufuria kwa ukucha.

"Mulama," akaita. "Kuna kitu kinagonga."

"Mathe," Shiundu akaruka, "injini imefurahi, inapiga makofi!"

"Sijaongea na wewe. Mulama, hakikuwa hivyo asubuhi."

Mulama aliinama, akafunga macho. "Ni tapeti," akasema. "Ni mwanya wa vali tu."

Akazima, akafungua kifuniko cha juu, akatoa vile visu vyake vyembamba vya kupimia, akapitisha kati ya kila vali na rokaa inayoibonyeza, moja baada ya nyingine, akikaza na kulegeza. Vali mbili zilikuwa zimeachia mwanya. Akazifunga sawa. Akawasha. Kimya. Injini ikanguruma kama paka. Nzilani akauza mayai yote siku ile.

Jumanne asubuhi, ta, ta, ta. Safari hii hata Shiundu alisikia. Mulama akapima tena, akarudia kupima. Mwanya aliouacha jana haukuwa ule. Ulikuwa umepanuka, na si kwenye vali zile mbili tu, sasa zilikuwa nne.

"Nilizifunga hapa hapa," akasema. "Na nati hazijalegea. Angalia alama."

"Labda ni nozeli," Shiundu akasema. "Nozeli mbovu pia inagonga."

Wakawasha, Mulama akawa analegeza paipu ya mafuta ya nozeli moja, anasikiliza, anaikaza, anakwenda ya pili. Nozeli ingekuwa na makosa, kelele ingekufa akiinyima mafuta. Kelele haikufa. Alipitia zote sita, mikono ikanuka dizeli, na ile ta, ta, ta ikaendelea bila kumjali. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akatembea nayo kutoka mbele mpaka nyuma kama daktari anayetafuta mtoto tumboni. Kwenye silinda ya nne alisimama muda mrefu.

"Ni hapa."

Siku hiyo na siku iliyofuata walifungua juu kila kitu cha kufunguliwa. Springi za vali zilikuwa nzima. Rokaa hazikuwa na mchezo. Mulama akazichomoa fimbo zote, akaja nazo kwenye meza ya Nzilani, akasogeza bakuli la kachumbari, akazibingirisha moja moja juu ya kioo kilichofunika meza, kwa maana fimbo iliyopinda hutikisika ikibingirika. Zilibingirika sawa, zote. Mulama akabaki ameegemea meza, amechoka, masizi mpaka kwenye nyusi. Nzilani akammiminia chai.

"Kunywa, baba."

"Mama Mumo, sijui," akasema. Miaka saba hajawahi kumsikia akisema hivyo.

Shiundu alikuja akasimama. Akasema polepole, mzaha umemtoka, "Mulama. Vile vikombe. Uliviweka kila kimoja kwa nundu yake?"

"Nilivipanga kwenye trei. Ulivyorudisha ndivyo nilivyofunga."

"Nilirudisha sawa," Shiundu akasema haraka.

"Basi si vikombe. Kikombe na nundu yake vimesagana miaka thelathini, Shiundu, vimezoeana uso kwa uso. Ukikipeleka kwa nundu ngeni vinaanza kulana siku hiyo hiyo. Mwanya ungekuwa unapanuka kila saa tukiwa tunaangalia..." Akanywa chai. "Lakini ulirudisha sawa."

"Sawa kabisa."

Nzilani alikuwa ameshika birika. Aliliweka chini. Aliliona karai akilini, na vikombe vinaviringika ndani ya mafuta taa, kumi na viwili, vimechanganyika kama maharagwe. Akaona trei ya zamani inawaka jikoni, na mpangilio wote wa Mulama unaondoka na moshi. Na yeye alikuwa ameota moto huo mikono.

Hakusema. Ndiyo, hakusema. Aligeuka akaanza kumenya mayai ambayo hakuna mtu aliyeyaagiza. Mwanamke huyu alikuwa amezaa, amezika mume, amegombana na askari wa jiji na mapadri wawili, na neno "nimekosa" lilikuwa halijawahi kumpita mdomoni. Hata Nzivo hakuwahi kulisikia. Alikuwa na njia zake: akikukosea alikupikia muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa wenye nazi, ukala, yakaisha. Sasa utampikia nini fundi aliyepoteza siku tatu? Na utaipikia nini kamshafti?

Alhamisi asubuhi Mulama akaamua jambo. Alifunga tapeti zote upya, akasema ataiacha injini iwake masaa matatu mfululizo, labda kuna kitu hakijakaa, kikae. Mumo alikuwa amesema atakuja Jumamosi kuona lori likitembea. Wakawasha. Dakika kumi kimya, kisha ta. Ta. Ta, ta, ta.

Nzilani alikaa kwenye kigoda chake. Kila ta alijua ni chuma kinachokula chuma, na kila kinacholiwa ni kile alichokiosha. Mtu akanunua chai akasahau kulipa, naye hakuona. Akasimama. Akavuka ule uwanja kwa mwendo wake wa kuyumba, akapanda lori kwa mikono na magoti, akanyoosha mkono chini ya dashibodi, mahali Nzivo alipokuwa ananyoosha, akavuta ile waya ya kuzima. Injini ikafa.

"Mama!" Mulama akatoka upande wa pili. "Umevuta nini?"

"Msiwashe tena."

"Kwani kuna nini?"

"Vikombe nimeosha mimi." Alisema akitazama kioo. "Ulipoenda kuzika. Nilivimwaga vyote kwenye karai. Sikujua vina zamu. Na trei ile nimechoma. Nimekosa."

Mulama akamtazama, kisha akamtazama Shiundu. Shiundu alikuwa anafuta spana iliyokuwa safi.

"Shiundu, si ulisema ni wewe?"

"Ni mimi, boss." Sauti ilikuwa ndogo. "Mathe anasema tu."

"Mimi nasema tu?" Nzilani akageuka. "Shiundu, nitazame. Wewe na brashi mmejuana lini? Uliosha na nini? Sema."

"Na... na petroli."

"Petroli! Muongo wewe. Hata nguo zako hujawahi kufua."

Watu wa gereji wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomaliza maneno. Mulama naye alitabasamu, tabasamu la huruma, akapanda kwenye ngazi ya lori mpaka uso wake ukawa karibu na wa Nzilani. Akaongea taratibu kama anavyoongea mtu na mgonjwa.

"Mama Mumo, najua unaona Jumamosi inakuja. Unaona Mumo atanilaumu, unataka kunibebea. Mungu akubariki. Lakini usijitie makosa ambayo si yako. Mtu mmoja mkaidi kama wewe, leo aseme amekosa? Mimi hata nikisimulia nyumbani hawataamini."

"Mulama, ni kweli."

"Shuka kidogo, Mama. Shuka ukanywe chai."

"Fungua chini uangalie! Utapungukiwa nini ukiangalia?"

"Kufungua chini ni kuitoa injini tena nje na kuirudisha. Siku mbili. Sina siku mbili."

Angeapa, lakini kwa nini? Neno alilolificha maisha yake yote alikuwa amelitoa mbele ya wanaume kumi na mmoja, na limeanguka chini kama ganda la yai. Mulama akamshika mkono, akamsaidia kushuka. Nzilani alirudi kwenye kigoda chake akaketi, na injini ikawashwa tena. Ilinguruma saa mbili na nusu. Hakuziba masikio. Alikaa akazisikiliza zote.

Ijumaa Mulama aliona kwa macho yake. Alikuwa anazungusha injini kwa mkono, kifuniko cha juu kimetolewa, na Nzilani alimwona anaacha, anarudisha, anazungusha tena. Rokaa ya vali moja ya silinda ya nne ilikuwa haiinuki kama wenzake. Ilikuwa inachungulia tu na kurudi, kama mzee anayejaribu kusimama kwenye kiti. Mulama aliingia chini ya lori, akafungua oili, akaikinga kwenye beseni. Akaibeba mpaka juani.

Oili ilikuwa inametameta. Ukitia kidole kilitoka na unga wa fedha, kama magamba ya dagaa.

Waliitoa injini asubuhi ile ile na hakuna aliyetania. Kamshafti ilipotoka, nundu tatu zilikuwa zimelika mpaka zikawa duara, na vikombe vyake vimechimbika katikati kama vijiko. Na ule unga ulikuwa umetembea kila mahali oili inapotembea. Beringi mpya ambazo Mumo alizinunua mwezi uliopita zilikuwa na mikwaruzo ya kuingia ukucha. Mulama alichukua bodaboda akazunguka maduka yote ya spea anayoyajua, mjini na nje, akiuliza kamshafti ya injini ile. Wenye maduka walimcheka. Mmoja alimwambia aulize kwenye makumbusho.

Alirudi jua likiwa limeinama. Alienda moja kwa moja kwa Nzilani, akachuchumaa mbele ya jiko, mtu mzima yule.

"Ulisema," akasema.

"Nilisema."

"Mimi ndiye sikusikia."

"Hukusikia. Lakini si wewe uliyechoma trei."

Shiundu alikuwa amesimama nyuma yao. Halafu akasema, "Mathe, mimi nilitaka tu kuonekana nimefanya kazi." Nzilani akamtazama juu mpaka chini. Alikuwa na matusi ya kutosha, ya Kikamba na ya Kiswahili, na yote yalimfika kooni. Akachukua yai, akalipasua, akalitia kachumbari na pilipili, akampa. Shiundu akalila amesimama, machozi ya pilipili au ya nini, yakimtoka.

Jumamosi Mumo, aliyekwisha kupigiwa simu na Mulama kwamba injini imekufa, alikuja na shati lake la pasi, na nyuma yake gari la kuvuta la watu wa vyuma. Mama yake mwenyewe ndiye aliyemweleza sababu, maneno machache, pale pale amesimama. Mumo alisikiliza. Hakupandisha sauti. Nzilani angependa apandishe, wangegombana, angekuwa na cha kushika.

"Mwaitu, tulipeana mkono," akasema.

"Najua tulipeana mkono. Nani amekuambia nimesahau?"

"Nitakupeleka Mwingi mimi mwenyewe na gari langu. Hata kesho. Utafika kama malkia."

"Sikuwaambia watasikia gari dogo."

"Basi ukae hapa hapa?"

"Nitakaa."

"Mpaka lini?"

Watu wa vyuma walikuwa wanafunga mnyororo. Lori linalovutwa linataka mtu kwenye usukani, na Mulama alikuwa amekwisha kupanda. Nzilani alifunika jiko, akazunguka upande wa kushoto, akafungua mlango, akaanza kupanda. Mumo alimwita. Dereva wa gari la kuvuta akapiga kelele kwamba hairuhusiwi abiria. Akapanda. Akaketi, akajifunga leso kichwani vizuri, akaufunga mlango.

"Mwaitu, shuka tafadhali."

"Kuja nilikuja mbele," akasema. "Na kwenda litakwenda nikiwa mbele."

Mumo alisimama pale mikono mfukoni. Mwishoni aliwapungia wale watu mkono waende.

Mnyororo ukakaza, lori likatoka uwanjani polepole, likaacha alama nne kavu mahali lilipokuwa limesimama. Chini ya miguu yao hakukuwa na injini, palikuwa na tundu tu, na upepo uliingia ukavuma ndani. Lilipita mbele ya nyumba za Shauri Moyo. Majirani walitoka milangoni. Wengine walipiga makofi kwa kuona lori la Nzivo linatembea, na Nzilani ameketi mbele wima. Hakuwaambia linakopelekwa. Aliinua mkono kidogo.

"Kona hii chukua kwa upana," akamwambia Mulama. "Ina mtaro."

"Najua, Mama."

"Hujui. Nzivo alikuwa anachukua kwa upana."

Mulama akachukua kwa upana. Simu ya Nzilani ikalia kwenye mfuko wa aproni, akaitoa, akaona ni Kavindu, akaiacha ilie mpaka ikachoka.

"Mama Mumo," Mulama akasema, macho kwenye mnyororo ulio mbele, "Jumatatu utaleta mayai?"

"Nitaleta."

"Basi."

"Lakini trei," Nzilani akasema, "hampati tena."